Chanjo shuleni: maswali yenu kutoka Newala hadi Kilwa

Maswali kuhusu chanjo za wanafunzi yamekuwa mengi kuliko nafasi tuliyonayo, kwa hiyo tumechagua yale yanayojirudia. Ukiyasoma kwa pamoja unagundua jambo moja. Huku kwetu Kusini mtoto mara nyingi hakosi chanjo kwa sababu mzazi amekataa. Anakosa kwa sababu siku ile alikuwa kwenye korosho, unyagoni, kumbini au kwa bibi yake kijiji cha pili. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanazungumzia tarehe.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Binti yangu ana miaka 10, yuko darasa la nne. Wauguzi walipokuja shuleni kuchanja chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, yeye alikuwa bado ndani, unyagoni. Mwalimu anasema nimpeleke zahanati, lakini shangazi zake wananiambia nimshukuru Mungu kwamba ameikosa, maana sindano ile inafunga kizazi. Nifanye lipi? (Mama, Tandahimba)

JIBU: Marahaba mama. Mpeleke zahanati. Chanjo haikuondoka na wauguzi wale. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanachanjwa bila malipo, wawe wanasoma au hawasomi. Walioko shuleni hufuatwa huko kwa sababu ndiko walikokusanyika. Kabla ya kwenda, uliza siku ya chanjo, kwa kuwa zahanati ndogo nyingi zina siku zake za kuchanja na hutapenda kutembea kilomita sita ukaambiwa urudi Alhamisi. Beba kadi yake ya kliniki. Kama huna, nenda hivyo hivyo, mradi ujue tarehe yake ya kuzaliwa.

Sasa hilo la kizazi. Uvumi huu umepata nguvu kwa sababu sindano wanapewa wasichana peke yao, na mtu akiona hivyo lazima ajiulize. Sababu ni kwamba kinachokingwa ni mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Inaletwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, na ndizo chanjo inazozilenga. Ndani ya kichupa hakuna kirusi kizima wala kirusi kilichouawa. Kuna ganda la protini tu, lenye umbo la kirusi, lililo tupu ndani. Mwili unalitazama, unajifunza sura ya adui, basi. Halina njia ya kufika kwenye mji wa mimba wala mayai.

Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007, Rwanda mwaka 2011. Hapa nchini chanjo ilienea mikoa yote mwaka 2018, ikianza na wasichana wa miaka 14. Wasichana hao sasa ni wanawake wazima, wako mitaani kwenu. Waulizeni. Kinachofunga kizazi kweli ni saratani yenyewe, maana mwanamke akigundulika amechelewa hutolewa kizazi au hupigwa mionzi.

Jambo moja la umri ambalo shangazi wanapaswa kulijua: chanjo hii haifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia mwilini. Inazuia kisiingie. Ndiyo maana inatolewa mapema, kabla msichana hajaanza mambo ya kikubwa, na wala haimruhusu kuyaanza. Tungependa makungwi wawe wa kwanza kuuliza, "Huyu mwali amechanjwa?" kabla hajaingia ndani. Swali hilo linaendana kabisa na kazi yao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya msingi. Safari iliyopita wasichana watano walianguka wakati wa chanjo, wazazi wakaja wamebeba magongo. Wauguzi wanarudi mwezi ujao. Tujipangeje yasitokee tena? (Mwalimu, Nanyumbu)

JIBU: Mwalimu, karibu kila kilichoharibika siku ile kilianza kabla gari la chanjo halijafika. Tuanze na orodha. Iandike kwa tarehe za kuzaliwa, usiandike kwa darasa. Darasa la nne lina mtoto wa miaka 9 na aliyerudia wa miaka 13, na darasa la saba lina wa miaka 12 na wa 15. Ukiandika "darasa la tano wote" utawaacha nje wanaostahili. Ongeza wasichana wa umri huo walioko kijijini lakini hawasomi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anawajua. Orodha ifike zahanati angalau wiki mbili kabla, kwa sababu muuguzi huagiza dozi kulingana na majina uliyompa.

Wiki moja kabla, tuma barua kwa wazazi ikisema ni chanjo gani, ya ugonjwa gani, siku gani, na kwamba mtoto aje amekula. Barua iseme pia wanaopaswa kusubiri: mwenye homa kali siku hiyo, aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo au anayedhurika na hamira, na mjamzito. Hilo la mwisho muuguzi aulize faraghani, mmoja mmoja, kamwe si mbele ya foleni. Mafua madogo si sababu ya kumrudisha mtoto. Hedhi pia si sababu, na hapa tunaomba mwalimu wa kike alitamke wazi, maana wapo wanaojificha chooni kwa ajili hiyo.

Sasa kuanguka. Msichana anayezimia kwenye foleni ya sindano amezidiwa na hofu, mapigo ya moyo yakashuka, damu ikapungua kichwani. Wengine huanguka hata kabla ya kuguswa na sindano, na hiyo inaonyesha kwamba tatizo si dawa. Mmoja akianguka mbele ya wenzake, wa pili na wa tatu hufuata. Kwa hiyo kazi yako ni kuvunja ule mstari wa macho. Tumia sehemu tatu. Ya kwanza ni darasa la kusubiria, wakae kwenye madawati, waimbe, wasome, wasione meza ya sindano. Ya pili ni chumba cha sindano, waingie watatu watatu, na wale waoga uwapeleke mwanzo ili wasikae saa nzima wakisikiliza hadithi za waliotoka. Ya tatu ni sehemu ya kupumzikia, kivulini chini ya mwembe, wakae chini dakika 15 nzima ukitazama saa kabla hujawaachia. Mlango wa kuingilia usiwe wa kutokea.

Uji ni lazima. Mtoto aliyetoka nyumbani saa 11 alfajiri bila kitu, akasimama juani hadi saa 6 mchana, ataanguka hata bila sindano. Chanja asubuhi.

Akianguka mtu, mlaze palepale chali, inua miguu yake juu ya mkoba au tofali, legeza ushungi na vifungo vya shingoni, ondoa wanaozunguka. Ndani ya dakika chache atafumbua macho. Asisimame haraka. Mpe maji akishaamka kabisa, si kabla. Mzio mkali una sura nyingine: midomo na macho kuvimba, vipele vya kuwasha mwili mzima, kifua kubana na kupiga miluzi. Ni nadra sana, lakini ukiuona usisubiri, muite muuguzi hapohapo, na asubuhi kabla ya kuanza muombe akuonyeshe adrenalini, dawa ya mzio huo, ilipo. Iwe mezani, isiwe imesahauliwa kwenye pikipiki.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni mikono ya sare. Sindano inachomwa kwenye msuli wa juu wa mkono, chini kidogo ya bega, nusu mililita tu. Msichana aliyevaa gauni la mikono mirefu linalobana na hijabu juu yake hawezi kufunua bega bila kuvua, na hatavua mbele ya watu. Waambie siku hiyo wavae fulana ya mikono mifupi ndani. Tundikeni khanga mbili kuwa pazia. Tumeona shule ambazo pazia hilo pekee lilirudisha wasichana waliokuwa wametoroka.

Kuhusu chanjo yenyewe, wewe si muuguzi lakini una macho. Chanjo hii hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Watu wa huku wanaogopa joto, na wana haki, ila baridi iliyozidi inaiharibu pia: ikiganda imekufa, na haifufuki kwa kuyeyushwa. Kwa hiyo pakiti za barafu hazitakiwi kuingia kwenye kibebeo zikiwa ngumu kama jiwe. Muuguzi mzuri huzitoa mapema, huitikisa moja karibu na sikio, na mpaka asikie maji yanacheza ndani ndipo huzipanga. Kwenye kichupa kuna alama ya duara yenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukishakuwa na rangi sawa na duara au mweusi zaidi, hiyo haichomwi. Mwalimu kuomba kuonyeshwa alama hiyo si utovu wa adabu.

Sindano ikishatumika inaingia moja kwa moja kwenye boksi lake gumu bila kurudishiwa kifuniko. Boksi lisijae kupita robo tatu, na muuguzi aondoke nalo. Lisitupwe kwenye shimo la choo cha shule wala kuachwa "tutachoma baadaye", watoto watalifikia.

Mkono utauma siku moja au mbili, wengine watapata homa ndogo au kichwa. Kitambaa cha maji baridi kinatosha, na parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Pasisuguliwe, pasipakwe mafuta ya taa wala majani. Siku hiyo usiwape zamu ya kuchota maji wala kufyeka uwanja.

Mwisho, hesabu waliokosa. Kabla gari halijaondoka, pitia orodha, weka alama kwenye kila jina lisilochanjwa, andika sababu pembeni, kisha panga na muuguzi siku ya kuwarudia. Orodha isiyopitiwa jioni ile ndiyo inayotuletea barua kama ya mama wa Tandahimba.

SWALI: Chanjo ikija mwezi wa Ramadhani mabinti zetu wamefunga, je, sindano inabatilisha swaumu? (Mzazi, Kilwa Kivinje)

JIBU: Wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema sindano ya tiba au kinga isiyokuwa chakula haibatilishi. Muulize sheikh wako upate utulivu wa moyo. Kwa upande wa afya, shaka yetu ni njaa na kiu, kwa sababu aliyefunga huzimia kwa urahisi zaidi. Achanjwe asubuhi na mapema, akiwa ameketi au amelala, apumzike kivulini. Ukiona vema kusubiri hadi baada ya Idi, haina madhara, isipokuwa kama binti anakaribia kutimiza miaka 15. Huyo asisubiri.

SWALI: Naandikisha mtoto darasa la awali. Shule inataka cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Kadi iliharibika na maji ya mvua, nyumba ilivuja. Je, mtoto atakataliwa? Na lazima achanjwe upya zote? (Baba, Lindi Mjini)

JIBU: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inamtaka mzazi au mlezi ampatie mtoto matibabu, na imeitaja chanjo kwa jina. Kifungu hichohicho kinataja elimu. Kwa maoni yetu mwalimu anafanya sawa kuomba kadi, kwa kuwa ndiyo nafasi nzuri ya kumgundua mtoto aliyeachwa nyuma, lakini kadi isigeuzwe ukuta wa kumzuia mtoto darasani. Mwandikishe, omba muda, kafuatilie.

Anza kituo alichokuwa anachanjwa. Wana rejista. Nenda na mwezi na mwaka wa kuzaliwa, jina la mama kama lilivyoandikwa wakati ule, na kijiji au mtaa mliokuwa mkiishi. Wengi hawapatikani kwenye rejista kwa sababu baba ametaja jina la mtoto la sasa wakati kitabu kina "mtoto wa fulani". Wakikupata, wataandika kadi mpya kwa tarehe zilezile. Kovu dogo la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye bega la kulia linaonyesha alichanjwa alipozaliwa, ingawa wapo waliochanjwa na kovu halikutokea.

Kadi ikipatikana, wewe mwenyewe tazama mstari wa surua na rubela. Zinatakiwa tarehe mbili, moja ya miezi 9 na nyingine ya miezi 18. Hapo ndipo wengi wameachia njiani. Baada ya miezi 9 hakuna sindano nyingine kwa muda mrefu, mtoto ameshaanza kutembea, mama anaona kliniki imekwisha. Mtoto mwenye tarehe moja bado anaweza kuwa hana kinga, kwa sababu dozi ya kwanza haishiki kwa kila mtoto. Na surua ikiingia darasa la awali lenye watoto 80, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza 12 hadi 18 wasio na kinga. Dozi ya pili hata akiwa na miaka 5 inapokelewa.

Rejista isipomwonyesha kabisa, muuguzi atamhesabu kama ambaye hajachanjwa na kumpa zile zinazofaa umri wake. Kurudia surua-rubela au polio kwa mtoto aliyekwisha kuipata hakumdhuru. Si zote zitarudiwa: ya rota, kwa mfano, ni ya watoto wachanga tu. Kadi mpya itie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, uutundike juu, mbali na paa linalovuja.

SWALI: Vijana wangu wawili, miaka 8 na 11, wanaingia jandoni likizo ya Desemba. Nimesikia kuna sindano ya pepopunda. Wanahitaji, wakati walichanjwa utotoni? (Baba, Newala)

JIBU: Wanahitaji, na tunashukuru umeuliza sasa. Pepopunda ilikuwa ndani ya zile sindano tatu za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinga yake hushuka kadiri miaka inavyopita. Msichana akikua atachanjwa tena pepopunda akiwa mjamzito. Mvulana hana kliniki inayomngoja. Kwa hiyo anafika kumbini, siku atakayokatwa, akiwa na kinga ya utotoni iliyochakaa.

Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na samadi. Vinapenda kidonda kilichofunikwa kisichopata hewa. Majivu, udongo au majani yanayowekwa kwenye kidonda ndiyo njia yao. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, mara nyingi karibu wiki moja baadaye: taya kukaza, mtoto anashindwa kufungua mdomo ale, kisha shingo na mgongo vinakakamaa, anajipinda akishtuliwa na sauti. Huyo asisubiri mpaka vijana watoke kumbini, akimbizwe hospitali usiku huohuo.

Wapeleke kituoni ukiwa na kadi, omba chanjo ya Td, yaani ya pepopunda na dondakoo. Aliyepata zile tatu za utotoni anatosheka na moja ya kuamsha kinga. Asiye na kumbukumbu yoyote anahitaji mbili zilizopishana wiki 4, na ya tatu baada ya miezi 6. Sindano ya mwisho kabla ya tohara iwe imetimiza angalau wiki 2, maana mwili unahitaji muda huo kutengeneza kinga. Rudisha hesabu nyuma: kwa jando la mwanzoni mwa Desemba, asiye na kumbukumbu aanze katikati ya Oktoba. Tunajua huo ndio wakati wa minada ya korosho na kila mtu yuko shambani. Weka siku moja kando.

Chanjo haibebi mzigo wote. Familia nyingi sasa zinatahiri hospitali kisha vijana wanaingia kumbini kwa mafunzo, na sisi tunaliunga mkono hilo waziwazi. Ikiwa ngariba ndiye atakayekata, basi kila kijana wembe wake mpya, bila kupokezana. Pepopunda haiambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu, lakini virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinahama kwa damu iliyobaki kwenye wembe.

SWALI: Shuleni walipewa vidonge, mwanangu akatapika na kulalamika tumbo. Hii chanjo ya vidonge ni ya nini? (Mama, Ruangwa)

JIBU: Pole mama. Hiyo haikuwa chanjo. Ni dawa za kichocho na minyoo, ndiyo sababu zinarudiwa. Albendazole ni kidonge kimoja cha miligramu 400, kinatafunwa. Praziquantel hutolewa kwa kumsimamisha mtoto kwenye fimbo yenye alama: urefu wake ndio unaosema idadi ya vidonge. Humezwa kwa maji, maana ukiitafuna ni chungu mno. Ikikuta tumbo tupu inaleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na mwenye minyoo mingi ya kichocho huumwa zaidi wakati inapokufa. Hupita ndani ya siku moja. Safari nyingine mpe ugali au uji mzito kabla hajatoka nyumbani, usitegemee wa shule. Asiyekojoa damu naye ameze. Na akirudi kuogelea kwenye lambo lilelile lenye konokono, ataambukizwa tena, dawa hailindi ya kesho.

SWALI: Binti yangu alichanjwa HPV mara moja akiwa darasa la saba mwaka 2021. Ya pili tulihama, hakuipata. Sasa ana zaidi ya miaka 15. Imeharibika? (Mlezi, Masasi)

JIBU: Haijaharibika. Wakati ule utaratibu ulikuwa dozi mbili kwa kupishana miezi 6. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inatosha, na Aprili 2024 Tanzania ikahamia huko. Binti yako amekamilika. Atunze kadi, na akifika miaka 30 aende kupimwa mlango wa kizazi kwa siki, kwa kuwa chanjo haikingi aina zote za kirusi.

Wanaotofautiana ni wasichana wanaoishi na VVU. Hao wanahitaji dozi mbili kwa uchache, na tatu ndiyo bora. Mlezi wa msichana wa namna hiyo amuulize muuguzi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, siku ya kuchukua dawa, wapange tarehe hukohuko. Shuleni achanjwe pamoja na wenzake kama kawaida, na dozi zinazobaki azipate kliniki. Hakuna haja ya mwalimu wala foleni nzima kujua sababu.